Fedha za Mkeka ni za Nani?

 

Leo nimekuja na habari ya kazi ya mikono ya Wamaza, Kasongo, Kabambare, Salamabila na vijiji vyote vya kusini mwa Maniema yetu, huku Kongo: mkeka, kitunga, ungo, na kile kitambaa cha muale ambacho babu zetu walikivaa kabla kikwembe hakijafika huku. Kila mwaka tarehe 8 mwezi wa tatu, siku ya wanawake, mama wanajifunga kikwembe cha namna moja, wanaandamana, kisha zinakuja hotuba. Hotuba hizo hazikosi mtu wa kusimama na kusema kwamba mama wafundishwe kusuka na kufuma ili wapate kujikimu. Maneno mazuri, nami nayakubali nusu. Nusu ya pili siikubali, kwa sababu mama wa huku hawajakosa ujuzi. Nenda kijiji chochote, uliza nani anasuka mkeka, utaoneshwa nyumba tatu kabla hujamaliza kuuliza. Wanachokosa ni jibu la swali ambalo hotuba haziligusi: mkeka ukishauzwa, nani alitaja bei, na fedha zimelala kwa nani?

Hapo ndipo nitakapobaki leo, hata nikizunguka mbali kidogo.

Tuanze na muale wenyewe, maana watu wanaupita njiani kila siku bila kuutazama. Ni ndugu wa mchikichi, unapenda bwawa na kingo za vijito, na jani lake ni miongoni mwa majani marefu kuliko yote duniani. Anayetafuta uzi hakati jani lililokwisha kufunguka. Anatafuta lile changa la katikati, lililosimama wima, ambalo vijani vyake bado vimefumbatana. Analiteremsha, anachambua kijani kimoja kimoja. Kwa ncha ya kisu anakwangua kidogo mahali pamoja, halafu anavuta kwa mkono usiotetemeka, na ngozi nyembamba ya juu inabanduka yote kwa mara moja, tangu shina hadi ncha. Ukivuta kwa haraka inakatika. Ukisitasita inakatika vilevile. Nimewatazama mama wakifanya kazi hii huku wakizungumza habari za msiba na za mavuno, macho yao hayako hata kwenye muale, na ngozi inabanduka tu, safi, bila alama.

Ngozi hiyo inaanikwa juani, inajikunja, inageuka rangi ya njano iliyofifia. Kisha inachanwa kwa ukucha au kwa kitana mpaka ipatikane nyuzi nyembamba. Uzi wa muale hausokotwi kama uzi wa pamba. Kwa hiyo kitambaa hakiwezi kuwa kirefu kuliko kijani kilichotoka mtini: mita moja na kitu, basi. Anayetaka nguo ya kujifunga kiunoni anaunganisha vipande kwa sindano. Kwenye kitanda cha mfumi nyuzi za mtande zinatandwa zikakazwa, mshindio unapitishwa katikati kwa kijiti, unapigwa kwa ubao mpaka ukae sawa, kisha unapitishwa mwingine, na mwingine tena. Rangi nyekundu inatoka katika unga wa mti wa nkula. Nyeusi inatoka katika tope la bwawani. Hakuna hata kitu kimoja katika kazi hiyo kinachosubiri meli au treni.

Na kitambaa hicho hakikuwa nguo peke yake. Katika nchi za mito ya Lualaba na Lomami kilikuwa fedha. Mtu alilipa nacho mahari, alilipa nacho faini mbele ya wazee, alinunua nacho chumvi, mbuzi na vyungu. David Livingstone, yule Mskoti aliyekaa Nyangwe, kando ya Lualaba, miezi kadhaa katika mwaka 1871, aliona vitambaa hivyo vikiuzwa na kununuliwa mbele ya macho yake. Aliona na jambo jingine ambalo mimi nalishika sana: soko la Nyangwe lilikuwa la wanawake. Walivuka mto kwa mitumbwi kutoka ng'ambo, wamebeba samaki, muhogo, vyungu, mafuta. Walipatana bei kwa sauti kubwa na kwa furaha, wakarudi nyumbani na kile walichokipata. Hata vijiji vikiwa na uhasama, siku ya soko mwanamke alipita.

Asubuhi ya tarehe 15 Julai 1871, watu wa kundi la mfanyabiashara wa watumwa Dugumbe waliingia katika soko lile na bunduki, wakafyatua risasi katikati ya akina mama. Livingstone aliandika kwamba siku ile walikuja watu wapatao 1500. Waliokimbilia mitumbwi walijazana, mitumbwi ikazama, wengine wakaogelea mpaka mto ukawashinda. Wenye bunduki wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari ile ilipofika Ulaya ilitikisa watu wengi, na baadaye ikasaidia kuilazimisha Zanzibar kufunga soko lake la watumwa mwaka 1873. Huku kwetu Nyangwe ni kijiji cha mtoni, watoto wanasoma jina lake kitabuni, ikiwa wana kitabu. Kumbukumbu kubwa ya wale mama sijaiona. Nawataja leo kwa sababu wakati wowote mtu anaposema kwamba biashara ni kitu kigeni kwa mwanamke wa Maniema, kwamba lazima afundishwe kwanza, mimi nawakumbuka wao.

Turudi kwenye kitambaa. Pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani ilikuja merikani, lile shuka zito lililofumwa mbali, kwanza katika viwanda vya Marekani, ndiyo maana likaitwa hivyo. Ikaja kaniki kutoka India. Zikaja shanga. Kitambaa cha muale kikaanza kurudi nyuma, kwanza kwa wakubwa, kisha kwa kila mtu. Lakini pigo lenyewe lilikuja baadaye, na lilikuja katika sura ya pamba.

Wengi hawajui kwamba kilimo cha pamba cha lazima katika Kongo ya Wabelgiji kilianzia upande wetu. Majaribio yalifanyika Nyangwe wakati wa vita vya kwanza vya dunia, yakiongozwa na mtaalamu Mmarekani aliyeitwa Fisher. Mwaka 1917 Edmond Leplae, mkuu wa kilimo wa koloni, akapata amri aliyoitaka: mwenyeji alazimishwe kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, hadi siku 60 kwa mwaka. Maniema na Sankuru zikatangulia. Mwaka 1920 ikaundwa kampuni ya COTONCO, na vituo vya kununulia pamba vikaenea. Wakati wa vita vya pili siku zile 60 ziliongezwa zikafika 120. Asiyelima alipigwa kiboko au alifungwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye shabaha yangu. Nani alipalilia pamba? Nani aliichuma ua kwa ua, mtoto akiwa mgongoni? Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Lakini daftari la mnunuzi liliandikwa jina la mwanamume. Yeye ndiye mlipa kodi, yeye ndiye mkulima mbele ya serikali, yeye ndiye aliyenyoosha mkono kupokea zile senti chache. Senti zenyewe mara nyingi zilirudi palepale kulipa kodi. Pamba ikapanda treni, ikateremka mtoni, ikaenda viwandani, nasi tukainunua tena ikiwa nguo. Baadaye viwanda vilijengwa nchini, kama Filtisaf ya Kalemie na SOTEXKI ya Kisangani, lakini katika kijiji mambo hayakubadilika: aliyevuna hakufuma, na aliyefuma hakuwa na soko.

Mama mwenye mkono katika kazi lakini asiyekuwa na mkono katika fedha. Hiyo ndiyo desturi tuliyoachiwa, na ndiyo ninayoiona bado katika mikeka yetu.

Ngoja niwape mfano wa sokoni. Mama amefika asubuhi na mikeka yake minne, ameikunja na kuifunga kwa kamba, ameitua chini ya mti. Anakuja mnunuzi wa kutoka mjini, ana pikipiki, ana haraka. Anafungua mkeka mmoja, anauvuta pembe, anautupa chini.

"Mama, sema bei ya mwisho."

Mama anataja.

"Ee mama! Lakini hii kitu si inatoka porini? Si ulikata tu bure?"

Mama ananyamaza. Anatazama mikeka yake, anatazama jua, anakumbuka nyumbani hakuna chumvi wala sabuni, na mtoto amefukuzwa shuleni kwa sababu ya karo. Anashusha bei. Mnunuzi anachukua yote minne.

Neno lile "bure" ndilo linalowaua mama zetu. Kwa sababu majani hayakununuliwa, watu wote wawili, muuzaji na mnunuzi, wanahesabu kana kwamba mkeka umejisuka wenyewe. Hebu tuhesabu pamoja. Tuseme siku moja ya kwenda bwawani, kukata na kubeba mzigo. Siku mbili za kuanika na kuchana. Siku moja ya rangi. Siku nne za kusuka, zikiwa zimekatwakatwa na kupika, kuteka maji na kwenda shamba. Hizo ni siku nane. Chukua bei aliyopewa mama chini ya mti ule, igawanye kwa nane. Halafu nenda umuulize kibarua anayelima shamba la mtu kwa siku moja anadai nini. Fanya hesabu hiyo nyumbani, usiku wa leo, na mkeka uliomo ndani mwako. Mimi nikiifanya na mama wanaosuka, baada ya kugawanya huwa kimya kwanza. Kisha anatokea mmoja, kwa kawaida mwenye umri, anasema: basi, tumekuwa tukiwapa.

Sisemi mnunuzi wa mjini ni mtu mbaya. Barabara kati ya Kabambare, Wamaza na Kasongo mnaijua. Mvua ikinyesha, mwenye baiskeli anaisukuma kuliko anavyoipanda, na pikipiki inalala matopeni. Kupeleka mzigo hadi Kasongo, kisha uvuke mto uitafute reli pale Samba, kisha usubiri treni ya kwenda Kindu au ya kushuka Kongolo, ni safari ya kumchosha mtu na fedha zake. Mnunuzi anabeba hatari hiyo na ana haki ya faida. Ninachokataa ni kwamba yeye peke yake ndiye anayejua mkeka huo utauzwa kiasi gani huko uendako. Mama akijua bei ya Kindu, mazungumzo chini ya mti yanabadilika. Siku hizi simu ziko, hata kama mtandao unapatikana juu ya kilima tu. Kila kikundi kina mtoto au ndugu aliyeko Kindu, Kalemie au Bukavu. Mpigieni, aende sokoni, awaambie.

Sasa tutazame kidogo kwa wenzetu.

Kule Unguja na Pemba, mwanamke hana haja ya kitanda cha mfumi. Anachukua ukindu, anaupasua, anautia rangi, anasuka ukili, yaani utepe mrefu wa upana wa vidole vichache. Anausuka akiwa barazani, akiwa kwenye mazungumzo, hata akiwa njiani. Ukili ukifika urefu unaotosha, unashonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka unazaliwa. Uzuri wa njia hiyo ni kwamba kazi inaingia katika siku ya mama bila kuipasua: dakika kumi hapa, nusu saa pale. Tena kazi inaweza kugawanywa, huyu asuke, yule ashone, watatu watie rangi. Wamaza tunaweza kujifunza kitu hapo, kwa sababu mama wengi wa huku wanafanya kila hatua peke yao, na mmoja akiugua mkeka unalala nusu.

Kenya inatupa somo chungu zaidi. Kiondo, kile kikapu cha duara cha mama wa Kikamba na wa Kikikuyu, kinachosukwa kwa nyuzi za mkonge, kilipendwa sana Ulaya na Marekani katika miaka ya 1970 na 1980. Wanawake wengi wa Machakos na Kitui walisuka usiku na mchana. Kisha viondo vya kuiga, vilivyotengenezwa kwa mashine barani Asia, vikajaa katika masoko yaleyale kwa bei ndogo, na bei ya mama ikaanguka. Walikuwa na kazi, walikuwa na sifa, lakini soko walilijua wengine. Waliobaki hai katika biashara ni wale waliokuwa na vikundi vyenye nguvu, vilivyouza wenyewe kwa wanunuzi waliotaka kujua kikapu kimetoka kwa nani.

Na kuna watakaosema: muale ni kazi ya wanaume tangu zamani, mwanamke hakai kwenye kitanda cha mfumi. Ni kweli kwamba katika sehemu nyingi za Kongo ilikuwa hivyo. Kwa Wakuba wa Kasai mwanamume anafuma kitambaa kitupu, na mwanamke ndiye anayekitarizi kwa sindano mpaka kinakuwa zile nguo zenye maumbo ambazo makumbusho ya dunia yanagombania. Lakini vuka bahari uende Madagaska, nchi inayouza muale mwingi kuliko nchi zote. Kule wafumaji wa muale ni wanawake, bibi kwa mjukuu. Mti ni wa jamii ileile, uzi ni wa namna ileile. Basi tusiseme mti umekataa.

Baba zangu wazee, naomba niseme nanyi kwa heshima. Kwenu kumebaki ujuzi wa kitanda cha mfumi, na wenye ujuzi huo mnapungua kila mwaka. Vijana wa kiume wamekwenda kwenye dhahabu, Namoya na kwingineko. Wanarudi na fedha kidogo au hawarudi. Binti zenu wapo nyumbani. Mfundisheni binti. Mkisubiri kijana atoke shimoni mtazikwa na ujuzi wenu.

Jambo la sheria sasa, nalo ni fupi, lakini mama mmoja akilishika atakuwa amefaidika na mazungumzo ya leo. Kanuni ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, katika kifungu cha 448, ilimtaka mke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kabla ya kujifunga katika mkataba. Maana yake, mama akitaka kutia sahihi ya kuuza mikeka mia kwa shule au kwa shirika, karatasi ilimsubiri baba. Ruhusa hiyo iliondolewa na sheria namba 16/008. Leo sheria inataka mume na mke wasikilizane, wote wawili sawasawa. Mmoja haombi ruhusa kwa mwingine. Na sheria hiyo ilitolewa tarehe gani? Tarehe 15 Julai 2016. Miaka 145 kamili, siku kwa siku, tangu soko la Nyangwe. Sidhani waliotia sahihi Kinshasa walikumbuka. Sisi wa Maniema tunaweza kukumbuka.

Kuna na sheria ya vyama vya ushirika, ile ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, ambayo Kongo imo ndani yake tangu mwaka 2012. Ushirika mdogo unahitaji watu watano tu. Watano! Katika uwanja mmoja wa nyumba mnaweza kuwa watano. Najua kuandikisha kuna gharama na kuna safari, na ofisini mtu anaweza kuambiwa rudi kesho mara nyingi. Kwa hiyo mimi nashauri muanze na kile mlichonacho tayari: likelemba, yaani kuchangiana fedha kwa zamu, na hasa zile AVEC, vikundi vya kijiji vya kuweka na kukopeshana. Mnazijua, sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, hisa zinanunuliwa kila wiki mbele ya wote, na mwisho wa mwaka mnagawana. Njia hiyo ilianza kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, wanawake wa vijijini ambao wengi hawakusoma, na leo imeenea Afrika nzima. Ninachoomba ni hatua moja zaidi. Sanduku lisiwe la kukopeshana fedha za chumvi tu. Likopeshe kwa dhamana ya mikeka. Mama akiwa na shida siku ya soko, sanduku limpe nusu ya thamani ya mkeka wake, mkeka ubaki kwa kikundi mpaka bei nzuri ipatikane. Hapo yule mwenye pikipiki hatakuta tena mtu mmoja mwenye njaa chini ya mti. Atakuta mama ishirini wenye bei moja.

Na bei hiyo waitaje wao. Fedha zikija, ziandikwe kwa jina la aliyesuka. Nawaambia waume pia: mama akilipa karo kwa fedha zake, nyumba haikupungukiwa na baba. Ila usimwachie karo yote, chumvi yote na sabuni yote kwa sababu tu umeona ana sanduku. Nimeona nyumba ambamo siku mama alipoanza kupata, baba aliacha kutoa. Huko si kumwinua mwanamke. Ni kumwongezea mzigo mwingine juu ya ule aliokuwa nao.

Soko la karibu lipo vilevile, tusitazame Ulaya kwanza. Mwezi wa Desemba 2017 serikali ilitoa amri ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki, kuitengeneza, kuiingiza na kuiuza. Mifuko bado mnaiona, imelala katika mifereji ya Kasongo. Lakini amri ipo. Meneja wa shirika anayeitisha semina, padri, imamu, mkuu wa shule, mnapohitaji mikoba ya kugawia karatasi, kwa nini iletwe kutoka Guangzhou hadi Kindu hadi hapa? Agizeni kwa mama wa Wamaza, miezi miwili kabla, na mtangulize nusu ya malipo ili wasikope kwa riba. Hospitali zinahitaji mikeka kwa ajili ya jamaa wanaolala na wagonjwa. Misikiti inahitaji mikeka, makanisa yanahitaji vitunga vya sadaka. Mkiagiza kwa pamoja mama atajua mapema kazi yake ya mwezi ujao, na anayejua kazi yake ya mwezi ujao hauzi kwa hofu.

Sijasahau vita. Kabambare imekimbiwa zaidi ya mara moja, watu wamelala porini, nyumba zimechomwa. Mama aliyekimbia ameacha mikeka yake motoni, lakini amefika huko alikokimbilia na ujuzi mzima, na jirani akimpa majani anaanza upya siku ileile. Kazi chache zina faida hiyo. Hata hivyo majani lazima yawepo, na hapo ndipo nina wasiwasi mkubwa kuliko wote.

Muale unazaa mara moja tu katika maisha yake, kisha shina linakufa. Anayekata majani machanga yote kwa pamoja anaua shina kabla halijazaa, na anayeupasua kwa ajili ya pombe anauua siku hiyohiyo. Mabwawa yaliyo karibu na vijiji yanazidi kuwa matupu. Miaka ya nyuma mama alikata muale nyuma ya nyumba. Leo wapo wanaotembea asubuhi nzima. Mbegu zake ni ngumu, zinakawia kuota, na anayepanda leo hatakata mwaka ujao. Ndiyo sababu hakuna anayetaka kuanza.

Basi ombi langu ni hili, na nalielekeza kwa machifu na wakuu wa vijiji kuanzia Wamaza hadi Kabambare. Tengeni kipande cha bwawa katika kila kijiji, kiwe cha mama wanaosuka, kiandikwe kwa jina la kikundi chao mbele ya mashahidi. Katika shina moja likatwe jani changa moja, mengine yaachwe. Mama, kusanyeni mbegu zilizoanguka sasa, zilowekeni, zipandeni kwenye kivuli. Mvua za mwezi wa tisa zikianza, miche ishuke bwawani.